Namna za Kete Kukaa Baoni

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni motoni, wanangu. Hii naisimulia polepole.

Hapo zamani za kale palikuwa na mtu akiitwa Mbaruku na mkewe Mwanamvua. Mungu aliwapa mtoto mmoja, Kibibi, kisha akamchukua angali mdogo.

Watu walipotoka maziarani, Mbaruku alibaki. Fisi akaja, akaketi mbali kidogo.

"Pole, bwana. Unamtaka mwanao?"

"Namtaka."

"Lete bao lako. Zipange kete kwa kila namna ziwezavyo kukaa mashimoni, usirudie hata moja. Ukimaliza, namtoa."

Mbaruku akaona ni jambo dogo. Akapanga, akafuta, akapanga. Hakula.

"Bado nyingi?" akauliza.

"Bado kidogo, bwana." Fisi akasogea.

Akapanga. "Bado kidogo, bwana." Akasogea.

Akapanga. "Bado kidogo, bwana." Sasa pumzi yake ilikuwa shingoni mwa Mbaruku.

Fisi hamvamii mwenye nguvu, wanangu. Humngoja adhoofike.

Mwanamvua akaja, akamkuta mumewe amebaki mifupa. Akaelezwa sharti la fisi. Akasema Bismillahi, akachimba vishimo mchangani.

"Baba Kibibi, tazama. Vishimo viwili, kete mbili. Namna ngapi?"

"Tatu."

"Vishimo vinne, kete nne?"

Wakapanga pamoja. Zikawa thelathini na tano.

"Vinane, kete nane?"

Wakapanga mpaka jua likazama, na mwisho hawakuuona.

"Na bao lako lina mashimo thelathini na mawili, kete sitini na nne. Kadiria mwenyewe. Mwenye kuhesabu mchanga wa pwani atamaliza kabla yako."

Mbaruku akaziweka kete chini. "Basi Kibibi harudi."

"Harudi. Sote ni wa Mungu. Inuka, huyu anakungoja wewe."

"Mama Kibibi, huna haya!" Fisi akafoka. "Mama gani humkatisha baba tamaa?"

Wakaondoka wameshikana mikono, bila kukimbia, maana anayekimbia hufukuzwa. Nyuma yao, gizani, ikaja sauti nyembamba, sauti ya mtoto wao:

"Baba! Imebaki moja tu!"

Mbaruku akasimama. Mwanamvua akamkaza mkono.

"Siye," Mbaruku akanong'ona. "Mwanangu amekufa hajajua kuhesabu."

Wakaenda, wala hawakugeuka.

Hadithi yangu naikomesha hapo. Mungu awarehemu waliotutangulia.