Nyamizi na Swali Ambalo Halikuulizwa Ukwama

Aliyenisimulia kisa hiki hakunitajia nchi hiyo iko upande gani, nami sikumbana. Kisome mpaka mwisho, kisha mpelekee mtu mmoja unayejua atakaa akifikirie.

Katika nchi ya Ukwama alitawala Mtemi Kasanda, mtu mpole ambaye usingizi ulikuwa umemhama. Sababu ilikuwa ndasha. Huo ni mzizi unaosagwa ukawa unga. Mtu akiunusa husahau njaa na msiba, na kesho yake huutafuta tena. Babu yake Mtemi aliupiga marufuku. Tangu hapo ukauzwa kwa siri, na waliouza kwa siri wakawa magenge yenye mikuki na mapanga. Waligombania njia, wakachoma vijiji, wakatupa maiti barabarani ili wengine waone.

Mtemi akaita baraza.

Jemadari Luhende alisimama wa kwanza. "Nipe askari mia tano, Mtemi. Nitawang'oa mmoja mmoja."

Kashinje, mama aliyesimamia masoko yote ya nchi, akatikisa kichwa. "Ruhusu ndasha iuzwe hadharani. Umewahi kuona watu wakichinjana kwa ajili ya chumvi? Chumvi iko sokoni mchana kweupe, ndiyo maana."

Wakabishana mpaka jua likapinda. Mwishowe Mtemi akasema, "Luhende, chukua wilaya ya Ilembe, upeleke jeshi lako. Kashinje, chukua Mpanduka, uruhusu ndasha yako. Baada ya mwaka mmoja tutajua."

Mwaka ulipokwisha, akamwita Nyamizi.

Nyamizi alikuwa muunga mifupa. Alikuwa amewatibu askari, wakulima na watu wa magenge, na hakuna mlango uliofungwa mbele yake. Lakini zaidi ya hayo alikuwa mdadisi. Mgonjwa akilia mkono, yeye alitaka kujua umevunjwa na nini, na nani, na kwa nini siku ile.

"Nenda ukanitazamie, mama," Mtemi akamwambia. "Wote wawili wananiambia wameshinda. Nataka macho yasiyo yao."

Nyamizi akaanzia Ilembe. Kila njia panda palikuwa na askari. Alioneshwa gereza lililofurika na mkuu wa genge aliyefungwa minyororo. Akavutiwa. Basi jioni, akiwa anamfunga mama mmoja gango la mguu, akamuuliza, "Sasa mnalala salama?"

Mama yule alicheka bila furaha. "Zamani tulimwogopa mmoja. Alipokamatwa, watu wake wakagawanyika, kila mmoja anataka kuwa mkubwa. Sasa tunawaogopa saba, na wa nane amevaa magwanda ya Mtemi. Ndiye aliyenivunja mguu huu."

Nyamizi akaenda Mpanduka. Huko alikuta ndasha imeanikwa sokoni kando ya nyanya na dagaa. Mchimba makaburi alimwambia kazi imepungua karibu nusu, naye Nyamizi akafurahi. Kumbe Kashinje alikuwa sahihi! Alikuwa tayari anafikiria maneno ya kumpelekea Mtemi, alipoona foleni ya wanawake kisimani, na mbele yao vijana wawili wenye mapanga.

"Wale ni nani?"

"Si ndio walewale," akajibiwa. "Ndasha haina faida tena kwao, wamehamia kwenye maji. Ukitaka kuchota, uwape kitu. Bwana mmoja alikataa, tukamzika."

Watu waliokufa walikuwa wachache kuliko zamani, hilo ni kweli na hakutaka kulificha. Lakini hofu ilikuwa ileile, imebadilisha kibarua tu.

Alipokuwa anarudi, alipita Kisunga, wilaya ndogo ambayo hakuna aliyejishughulisha nayo. Haikupewa jeshi wala ruhusa. Ndasha ilikuwepo, aliisikia harufu yake kwenye nyumba mbili tatu. Lakini watoto walicheza barabarani, na kwa miezi minane hapakuwa na aliyeuawa. Nyamizi angewezaje kupita tu? Aliuliza, akaelekezwa kwa hakimu wa hapo, mfinyanzi aliyeitwa Ng'washi. Alimkuta mikono imejaa udongo.

"Dada, mmewafanya nini hawa watu?"

"Hatujawafanya kitu," Ng'washi akajibu. "Mtu akiuawa hapa, tunauliza nani amemuua. Basi."

"Na watu wanasema?"

"Mwanzoni hawakusema. Aliyetaja jina peke yake alikuwa anajichimbia kaburi. Halafu mwana wa dada yangu, aliyekuwa ndani ya genge, akamuua muuza mahindi mbele ya soko zima. Nikajitoa kwenye kesi, nikamwita hakimu wa jirani. Nikapita nyumba kwa nyumba nikiwaomba waje wote siku moja. Walikuja arobaini na wawili, wakasema maneno yaleyale. Genge lingemlipizia nani? Mtoto wetu yuko gerezani mpaka leo. Dada yangu hanisalimii." Akabonyeza udongo kwa kidole gumba. "Tangu hapo magenge yanapita hapa mikuki imefungwa. Na wewe, umefiwa na nani?"

Nyamizi hakutegemea swali hilo. "Mume wangu, Shigela. Miaka mitatu iliyopita, njia ya mlimani."

"Nani alimuua?"

Yeye aliyeuliza kila kitu duniani, hilo hakuwahi kuliuliza.

Aliporudi, alieleza barazani yote aliyoyaona, mazuri na mabaya. Luhende akasema anahitaji askari zaidi. Kashinje akasema anahitaji muda zaidi. Mtemi akashika kichwa.

"Kwa hiyo tuchague lipi, mama? Mkuki au soko?"

"Mtemi, naomba niulize kwanza. Nani alimuua Shigela, mume wangu?"

Mtemi akamgeukia Luhende, Luhende akamtazama Kashinje.

"Tangu uanze kutawala wameuawa watu wangapi kwa ajili ya ndasha?"

"Elfu moja na mia mbili," Luhende akajibu haraka.

"Na waliohukumiwa kwa kuua?"

Luhende akainamisha macho. Waliojaa gerezani mwake walikamatwa kwa kubeba ndasha. Hakuna hata mmoja aliyekuwa ameulizwa juu ya maiti.

Ndipo askari wa mlangoni, Igulu, akaangusha mkuki wake. "Mtemi, nisamehe. Mimi nilikuwepo mlimani siku ile. Shigela aliona unga wa ndasha ndani ya mizigo ya ikulu tuliyoisindikiza, akapiga kelele. Aliyemchoma ni Malunde. Sikuwahi kuulizwa."

Malunde alikuwa shemeji wa Mtemi, kaka wa mkewe. Alikuwa ameketi palepale, hatua tatu kutoka kwenye kiti cha enzi. Akacheka. "Mtemi, utamsikiliza bawabu?"

Mtemi Kasanda alimfikiria mkewe, na meza watakayokula pamoja jioni hiyo. Kisha akasema, "Nitamsikiliza. Nawe utasikilizwa pia. Ila si nami, kwa kuwa wewe ni wangu. Mwiteni hakimu wa Kisunga."

Kesi ilichukua siku sita, mlango wazi, na Malunde akahukumiwa. Nyamizi alidhani angefurahi. Badala yake alikaa chini akamlilia Shigela, kwa mara ya kwanza tangu amzike.

Asubuhi iliyofuata, Luhende alikuja mbio na upanga mkononi. Umati ulikuwa umejaa nje ya lango la ikulu mpaka barabarani, akadhani ni uasi.

Nyamizi akatoka kutazama. Walikuwa wajane, wazee na vijana, wamepanga mstari, hakuna aliyeshika hata fimbo.

"Rudisha upanga, Jemadari," akasema. "Waweke askari wako wawalinde. Wamekuja kutaja majina."

Funzo: Kabla hatujabishana kama tupeleke jeshi au tubadilishe sheria, tujiulize kama muuaji anajua kwamba atatajwa na kuhukumiwa, hata akiwa ndugu wa mkubwa. Mahali ambapo damu haiulizwi, jeshi huongeza wenye silaha tu, na ruhusa huwahamishia kwenye biashara nyingine.