Gogo la Singano

"Gogo hutupwa bondeni." Ndivyo mama yenu alivyomwambia Rukia asubuhi, nanyi mmenijia mbio mnataka kujua gogo gani na bonde lipi. Mngemuuliza mwenyewe, lakini mnajua nani hapa nyumbani hawezi kuwafukuza. Haya, kaeni, na miguu yenu yenye matope muiache nje ya mkeka. Neno hilo lina mwenyewe, na lilizaliwa hivi.

Zamani, kabla magari hayajaanza kupanda huku kwetu, viazi na kabichi vilishuka mlimani kwa baiskeli. Zilikuwa baiskeli nzito za chuma, hazina gia, na breki zake ni vipande vya mpira tu. Ukiteremka na gunia, mpira unaungua kabla hujafika nusu ya njia. Kwa hiyo wachukuzi walikuwa na dawa yao. Walikata gogo, wakalifunga kwa kamba nyuma ya baiskeli, likawa linakokotwa chini na kuizuia isikimbie. Wakifika sokoni, kule bondeni, wanalifungua na kulitupa, na wapika chai wanaligombania kwa kuni.

Kila mwaka masika yakiisha, wachukuzi walishindana. Waliondoka soko la Kwezindo alfajiri na baiskeli tupu, wakapanda mpaka msituni, wakafuata mgongo wa mlima, wakapakia gunia moja moja la viazi huko juu, kisha wakateremka upande wa pili mpaka sokoni tena. Ulikuwa mzunguko wa kutoa jasho la meno.

Miongoni mwao alikuwamo Singano. Miaka mitatu mfululizo Singano alifika wa pili, hata watu wakamwita Wa Pili na jina alilopewa na babake likaota kutu. Mwaka huo mkewe, Hiari, alikuwa na mimba ya miezi minane, na jambo moja lilimnyima Singano raha: mwanawe azaliwe aitwe mtoto wa Wa Pili.

"Afadhali nife," alisema asubuhi hiyo akijaza upepo.

"Ufe, nani alee?" Hiari akamjibu. Akavua kanga yake ya juu, akamzungushia shingoni, maana kule juu baridi haina adabu. "Kanga yangu naitaka irudi, na shingo yako ndani yake."

Basi wakapanda. Penye njia walikanyaga pedeli, penye mizizi na mawe walibeba baiskeli mabegani, na penye matope walisukuma huku wakitukana kimoyomoyo. Jua lilipofika utosini Singano alikuwa juu, na mbele yake alikuwapo mtu mmoja tu, Mahimbo, yule yule aliyemshinda miaka yote mitatu. Nyuma yao, mbali, alikuja Mzee Kaniki, aliyeendesha baiskeli kama mtu anayekwenda kumjulia hali mgonjwa.

Wakapakia viazi, wakafunga magogo, wakaanza kushuka. Hawakwenda mbali, gogo la Singano likanasa kwenye mzizi, kamba ikakatika. Lo! Singano alitaka kulia. Hakuwa na kamba nyingine. Akavua kanga ya Hiari, akaisokota, akalifungia gogo kwa fundo la nguvu, akamfukuza Mahimbo.

Alimkuta mahali palipokuwa tambarare. Kutoka pale mabati ya soko yalionekana yakimeta, na ngoma zilisikika waziwazi. Mahimbo alikuwa ameshuka na panga mkononi. Akaikata kamba yake pigo moja, gogo likabingirika majanini.

"Mbona unalikata?" Singano akauliza.

"Tumeshafika, Wa Pili! Kipande hiki breki inatosha. Wewe endelea kuburuta mzigo wako, tutakuwekea chai." Akaruka juu ya baiskeli, akatokomea kwenye kona.

Singano naye akachomoa panga. Nisiwadanganye, hakuwa na busara yoyote zaidi ya mwenzake. Alilinyanyua panga juu, akaiona kanga ya Hiari, mkono ukamgoma. Ataikata vipi? Atarudi na nusu kanga amweleze mkewe nini? Akalitupa panga, akaanza kulifungua fundo. Kanga ilikuwa imelowa, fundo limekaza, na vidole vyake vimekufa ganzi. Akavuta, akang'ata, wapi! Mwishowe akalilaani gogo na ukoo wake wote, akapanda baiskeli na kuondoka nalo.

Kona ilipoisha akauona mteremko. Watoto wangu, kutoka juu ulionekana mfupi kwa sababu ulikuwa umesimama wima. Singano alibana breki, mpira ukatoa moshi, ukaungua, ukaisha. Gunia likamsukuma mgongoni. Akamwita mamake. Lakini nyuma yake gogo lilikwaruza mawe, likang'ang'ania ardhi, na baiskeli ikashuka kwa mwendo wa mtu anayetembea haraka.

Katikati ya mteremko akaona viazi vimetapakaa njiani. Kisha akaona gurudumu. Kisha akasikia sauti kwenye migomba: "Ndugu yangu, usinipite!"

Ilikuwa sauti ya Mahimbo. Singano akachomeka miguu chini, gogo likamsaidia, akasimama. Alimkuta mwenzake amelala kwenye rundo la majani makavu ya migomba, mkono umevunjika, uso umechubuka, lakini anapumua na kulalamika. Singano akakaa chini akacheka, akalia, akacheka tena. Alhamdulillahi, mtu ni mzima!

Walipokuwa wanashuka pole pole, Mahimbo ameegemea gunia, Mzee Kaniki akawapita akikokota gogo lake. "Poleni, wanangu," akasema, na akaenda kushinda.

Sokoni Hiari alikuwa amesimama peke yake njiani. Alikuwa amesikia gogo likikwaruza kule juu, kisha likanyamaza kwa muda mrefu, na katika kimya kile alishamzika mumewe mara tatu. Lilipoanza kukwaruza tena, akapiga kigelegele.

"Wa Pili huyo!" watu wakapiga kelele. Mwaka huo Singano aliitika.

"Na gogo lako liko wapi?" mtu akamuuliza Mahimbo.

"Gogo hutupwa bondeni," Mahimbo akajibu akiushika mkono wake. "Mimi nimelitupa mlimani."

Hiari akainama na tumbo lake, akalifungua lile fundo kwa meno. Kanga ilikuwa na matundu manne. Ndiyo aliyombebea mtoto.

Haya, Rukia, njoo hapa. Homa imeshuka juzi, nawe umeacha kumeza dawa kwa kuwa unajiona mzima. Vimebaki vidonge vingapi? Sita? Maji yale pale mtungini. Gogo hutupwa bondeni.