Nyumba Isiyo na pa Kugeukia

Paukwa!

— Pakawa!

Nani huyo kaitikia na chakula mdomoni? Meza kwanza, hadithi hii ina vumbi. Paukwa tena!

— Pakawaa!

Zamani hizo, za kale kweli, ngiri hawakuwa na nyumba. Walilala popote. Jua likizama hapa, walilala hapa. Jua likizama pale, walilala pale. Na katika ngiri hao alikuwako jike mmoja, jina lake Siwema, na mumewe Makoba. Siwema alikuwa na miguu mifupi, meno yaliyopinda kama mundu, na mdomo usiokaa kimya. Makoba alikuwa mpole. Yeye akipata mizizi ya kutafuna, basi, hana neno na mtu.

Siwema neno alikuwa nalo. Mwaka uliotangulia alizaa kichakani. Mvua ikaja, na mvua ile haikuwa ya mchezo. Baridi ikawachukua watoto wote. Siwema alilia mpaka sauti ikamkauka. Sasa tumbo lilikuwa limejaa tena, na huko milimani mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika.

"Makoba," akasema, "hawa sitawazaa kichakani."

"Utawazaa wapi, mke wangu?"

"Nyumbani."

"Nyumbani kwa nani?"

"Kwangu!"

Makoba akaacha kutafuna.

Basi wakamwendea Kima. Kima alikuwa dalali wa nyumba. Alikaa juu ya miti, akaona kila shimo na kila pango, akajua nani kahama na nani kahamia.

"Ipo!" akasema Kima, na Siwema hata hajamaliza kueleza. "Nyumba ipo! Ya Mhanga, yule mla mchwa mwenye makucha kama majembe. Kahama jana. Mhanga yule hatulii, akimaliza kuchimba nyumba moja anaanza nyingine. Njooni, njooni, njooni!"

Wakaenda, tuku tuku tuku. Wakafika. Nyumba ilikuwa shimo kwenye ubavu wa kichuguu kikuukuu. Mlango wake wa mviringo. Udongo wake mwekundu. Na mbele ya mlango, kibaraza cha kuotea jua.

"Tazama mlango huo!" akasema Kima, huku anaruka juu ya paa. "Tazama udongo huo, mgumu kama jiwe! Maji karibu, majani karibu, majirani hawana maneno. Na ndani humo, Bi Siwema, ni ukumbi. Mnaweza kucheza ngoma!"

"Basi tuingie tuone," akasema Makoba.

"Kuingia mtaingia," akasema Kima, "ila Nungunungu yuko njiani anakuja kuichukua. Mbweha naye kaniomba nimwekee. Shauri yenu."

Moyo wa Siwema ukaruka, pa!

"Naitaka!"

"Siwema, hatujaingia bado..."

"Naitaka, naitaka, naitaka!"

Mhanga akaitwa. Akasema yeye hataki makubwa, aonyeshwe tu kichuguu chenye mchwa wanono. Siwema alikijua kimoja ng'ambo ya korongo, akamwonyesha. Kima naye akapewa matunda ya mng'ongo, akajaza mashavu yote mawili, akatoweka. Nyumba ikawa ya Siwema.

Jamani, furaha! Siwema alikimbia kuizunguka nyumba yake. Akapanda juu ya paa. Akashuka. Akanusa mlango. Akakaa barazani, akasimama, akakaa tena, kama mgeni anayekaribishwa na yeye mwenyewe. Kisha akaimba, nanyi mwitikie, "Ninayo!"

Nyumba jamani!

— Ninayo!

Jua na liwake!

— Ninayo!

Mvua na inyeshe!

— Ninayo!

Akaingia. Aliingia kichwa mbele, kama unavyoingia wewe kwenu. Ndani kulikuwa na ubaridi mzuri, harufu ya udongo mbichi, na kimya. Siwema akafumba macho.

"Yangu," akanong'ona.

Kisha akataka kugeuka atoke amwite mumewe. Akageuza shingo. Kwaru! Jino likakwama ukutani. Akajaribu upande wa pili. Kwaru! Jino la pili. Udongo ukamwagika masikioni. Nyumba ilikuwa ndefu, sawa. Ilikuwa na kina, sawa. Lakini haikuwa na pa kugeukia.

"Makoba weee! Nimekwama!"

Makoba akaja mbio. Akaona makalio ya mkewe mlangoni. Akakamata mkia, akavuta.

"Si mkia!"

"Sasa nishike wapi?"

"Shika popote, usishike mkia!"

Akavuta, akavuta, akavuta. Pwaa! Wakaanguka wote wawili barazani. Wakatazamana. Makoba akaanza kucheka, Siwema naye akacheka, hasira ikachanganyika na kicheko mpaka akapata kwikwi.

"Ukumbi!" akasema. "Kima kasema ukumbi! Haidhuru. Tutatanua kidogo tu. Kesho tunaleta fundi."

Fundi alikuwa Fuko. Mdogo, manyoya laini, macho hayaoni vizuri, lakini kuchimba ndiyo maisha yake. Fuko akasema atakuja kesho. Kesho ikaja, Fuko hakuja. Akaja siku aliyopenda mwenyewe, tena jua limeshapanda, na kabla ya yote akaomba minyoo ya kufungulia kinywa. Akala. Akagusa ukuta kwa pua. Akatikisa kichwa.

"Lo! Nani kawachimbia hii? Hapa mliharibiwa kazi."

"Itatengenezeka?" akauliza Siwema.

"Kazi ndogo, mama! Kazi ndogo!"

Akaingia. Kwichi kwichi kwichi, akachimba upande wa kulia. Makoba akaingia nyuma yake kusomba udongo. Kwichi kwichi kwichi... puu! Dari likaanguka. Vumbi likatoka mlangoni kama moshi. Vumbi lilipotulia, ya Makoba ilionekana pua peke yake.

"Makoba! Uko hai?"

"Niko hai," ikasema pua. "Ila nimemeza sehemu ya ukumbi."

"Samahani," akasema Fuko. "Upande huu ni mbovu. Tujaribu ule. Kazi ndogo!"

Kwichi kwichi kwichi, upande wa kushoto. Huko Fuko akatoboa njia ya siafu. Siafu nao, mnawajua, hawabishi hodi. Wakajaa sakafuni, wakajaa ukutani, wakajaa miguuni. Kima alisema humo watu wanaweza kucheza ngoma. Siku hiyo waliicheza! Makoba mguu juu, Siwema mguu chini, Fuko anajiviringisha kama yai, aii, oii, uuu, mpaka nje, mpaka mtoni.

Siafu wakapita na safari yao. Fuko akarudi.

"Tuchimbe chini," akasema. "Sakafu ikishuka, mtapata nafasi. Kazi ndogo, mama!"

"Ndogo ya nani?" akauliza Siwema. Lakini akamwacha achimbe, maana ile hamu ilikuwa haijamtoka. Kwichi kwichi kwichi... chubwi! Maji yakachipuka. Nyumba ikawa tope tupu, tope zito, tope jekundu. Siwema akasimama katikati ya tope la nyumba yake. Alitaka kulia. Badala yake akajilaza, akajigaragaza mara moja, mara mbili, aaah! Akakumbuka kuwa amekasirika, akasimama haraka.

Fuko akapangusa pua.

"Mama, sasa nimeona dawa. Hii tuibomoe yote, tuanze upya."

Huko milimani, ngurumo. Gu-gu-gu-gu.

Siwema akamtazama Fuko. Akatazama mawingu. Akatazama tumbo lake.

"Fuko," akasema polepole, "chukua minyoo yako iliyobaki. Asante. Nenda."

Fuko akaenda. Makoba akasogea karibu na mkewe.

"Siwema, tumejaribu. Turudi kichakani."

Siwema akakaa barazani. Yule wa kupanda paa na kuimba, sasa machozi yalimtiririka kimya mpaka kwenye ncha za meno. Aliwakumbuka wale wa mwaka uliotangulia, jinsi walivyokuwa wakitetemeka ubavuni pake, mmoja akanyamaza, kisha mwingine. Akainuka. Akachota tope kwa pua yake, akaingia ndani, akaziba tundu la siafu. Akatoka kinyumenyume, akachota tena. Makoba alimtazama anavyohema na tumbo lile zito. Naye akachota.

Wakaziba kulia. Wakaziba kushoto. Wakashindilia kokoto chini mpaka maji yakakata. Tope lilelile lililowatia uchungu ndilo walilopaka ukutani, wakalilainisha kwa mashavu. Wakatandika majani makavu. Nyumba ikarudi kama ilivyokuwa siku ya kwanza: nzuri, kavu, na haina pa kugeukia.

Mvua ikaja. Ikanyesha, ikanyesha, ikanyesha. Ndani halikudondoka tone. Na humo, katika majani makavu, Siwema akazaa watoto wanne. Akawalamba mmoja mmoja. Wote walikuwa na joto. Wote walipiga kelele. Hakupata kusikia kelele tamu kama zile.

Lakini kila asubuhi Siwema na Makoba walitoka nyumbani makalio mbele, wanapapasa kwa miguu ya nyuma, hawaoni waendako. Kanga waliwacheka mpaka wakaangusha manyoya. Kanga kucheka si neno. Aliyewatazama bila kucheka alikuwa Chui. Alilala juu ya tawi siku nyingi, akatazama wanavyoingia, akatazama wanavyotoka, akalamba midomo.

Alasiri moja Makoba alikuwa amekwenda korongoni kuchimba mizizi. Siwema alikuwa barazani na watoto. Majani yakatikisika. Chui akatoka.

"Ndani!" akapiga kelele Siwema. Watoto wakaingia, fyu, fyu, fyu, fyu. Siwema naye akapeleka kichwa mlangoni.

"Ingia, mama, ingia," akasema Chui kwa sauti ya upole. "Mimi sina haraka. Ukiingia kichwa, huku nyuma kote ni kwangu. Nitakuvuta nje kama kiazi. Kisha nitawafuata wadogo. Si humo hamna pa kugeukia?"

Siwema akaganda. Ilikuwa kweli. Akibaki nje, Chui atamzunguka amrukie mgongoni. Akiingia, atashikwa miguu, na meno yake makali yatakuwa yanatazama ukuta. Ndani, watoto walilia.

"Mama! Mama, ingia!"

Akatamani ukumbi. Lo, alivyoutamani ukumbi ule wa Kima! Angeingia, angegeuka, angesimama mlangoni na meno yake nje. Angegeuka... angegeuka...

Chui akajikunja, tayari kuruka.

Siwema akageuka. Hapo hapo nje, penye nafasi ya dunia nzima, akageuka. Akamtazama Chui machoni. Kisha akapeleka makalio mlangoni, akaingia nyumbani kwake kinyumenyume. Mguu mmoja, mguu wa pili, tumbo, mabega, tup! Akakaa kama kifuniko juu ya chungu. Nafasi ya kupita ukucha haikubaki. Pua nje. Meno nje, mundu huku na mundu huku.

Chui akaruka. Hakukuta mguu. Hakukuta mkia. Alikuta jino. Chwaa!

"Aaii! Pua yangu!"

Akaleta mkono wa kulia. Chwaa! Akaleta wa kushoto. Chwaa!

"Karibu!" akapiga kelele Siwema. "Karibu nyumbani, Bwana Chui! Kuna ukumbi!"

Chui hakukaribia. Aliondoka anachechemea kwa mikono miwili, pua imevimba kama tunda bovu, na kanga safari hii walimcheka yeye.

Siwema akatulia mle mlangoni. Mbavu zake ziligusa ukuta huku na huku, na kwa mara ya kwanza ukuta ule haukumbana. Ulimshika. Akaanza kucheka. Alicheka mpaka udongo wa dari ukamdondokea kichwani, watoto nao wakacheka mle gizani bila kujua wanacheka nini.

Makoba alikuwa amesikia kelele. Akaja mbio, mkia juu, roho juu, mizizi imemwanguka njiani yote. Akaiona damu barazani. Akaiona pua ya mkewe mlangoni. Siwema akatoka nje kumpisha.

"Watoto wapi?"

"Wazima. Wote."

Makoba, kwa furaha, akainamisha kichwa aingie mbio akawaone.

"Simama!" akasema Siwema. "Geuka kwanza."

"Nigeuke niende wapi tena?"

"Geuka, mume wangu, uje nyumbani."

Makoba akageuka. Ndiyo maana mpaka leo ngiri akifika kwake huingia kinyumenyume, uso wake ukiwa nje.

Basi sikilizeni, wakubwa kwa wadogo. Ukipata nyumba, usiinunue kwa kelele za dalali, ingia kwanza uione. Palipovunjika, paziba, wala usichoke. Lakini usikimbilie kubomoa kila ukuta usioupenda siku ya kwanza. Kaa nayo, ijue. Huenda ukuta hauna kosa, ila ni wewe hujajua namna ya kuingia.

Hadithi yangu imefika mlangoni, na inaishia hapo. Aliye na kwake, aende akalale.