Mganda Mweusi wa Mtama

Paukwa!

Pakawa!

Wa huko nyuma mmelala? Paukwa!

Pakawa!

Haya, sogeeni. Hapo zamani za kale, mahindi hayajafika bondeni, wanyama walilima mtama. Walipanda vuli, wakavuna, wakala. Mbegu ya bonde zima ilitunzwa na nyumba moja tu, nyumba ya akina Nungu. Kila mavuno, kabla mtu hajaonja punje, Bi Kizee Nungu aliingia shambani mwenyewe. Akachagua masuke yaliyojaa, akayafunga mganda, akautundika juu ya meko. Hapo ukakaa mpaka mvua irudi.

Mwaka mmoja miguu ilimwisha nguvu. Akamkabidhi mganda mke wa mwanawe, Mwanapili, aliyeolewa juzijuzi. Akamwambia, "Mwanangu, huu usiushushe." Basi, hakusema zaidi.

Mwanapili alikuwa msafi kupindukia. Asubuhi ufagio fya, fya, fya. Jioni fya, fya, fya. Ikafika karamu ya mtama mpya, wageni wakaja. Jirani yake Kanga akatupa jicho juu. Akasema nyumba ni nzuri, ila lile dude lenye masizi linaloning'inia ni la nini? Wageni wakacheka. Mwanapili akaona haya mpaka miiba ikamsimama, chaka.

Kesho yake akaushusha. Akausugua kwa maji, akausugua tena, akauanika. Suke moja lilikataa kutakata. Akalichomeka kule kule juu ya meko, nyuma ya boriti, asilione mtu. Mengine akayatia kwenye kikapu kipya, akafunika. Moyo ukatulia.

Kiangazi kikapita. Ndani ya kikapu, kwe, kwe, kwe. Hakusikia. Wingu la vuli lilipotanda akafunua. Fukusi watupu. Punje zimebaki maganda na unga. Na kwingine kote bondeni mbegu hakuna. Mwanapili akakaa chini akalia.

Alifikiri kusema wameibiwa. Alifikiri kukimbilia kwao. Mwisho akakibeba kikapu, akapiga magoti mbele ya mama mkwe wake, akaeleza yote.

Bi Kizee akatia mkono ndani ya ule unga.

"Moshi ndio uliokuwa ukiwafukuza fukusi," akasema.

"Mama, hukuniambia."

"Sikukuambia. Nilikupa amri, sababu nikabaki nayo. Kosa hili ni letu sote wawili, mwanangu. Hukubakiza hata suke moja?"

Hapo Mwanapili akakumbuka. Akaenda mbio, akarudi na lile suke, jeusi tii. Bi Kizee akalipukuchua kiganjani. Punje nzima, zote.

Wakazipanda. Mwaka huo bonde lilikula mizizi na majani ya kunde, na Kanga alikula kimya kimya. Hawakuonja mtama. Suke lile likazaa kitalu, mwaka wa pili kitalu kikazaa shamba.

Mavuno yalipofika, Mwanapili alichagua masuke, akayatundika juu ya meko. Kisha akawaita watoto wote, wa Kanga pia, akawaonyesha masizi na kuwaeleza kazi ya moshi. Nyumba yake ilibaki safi, isipokuwa hapo.

Basi, wakubwa, mkimkabidhi mtu mila, mpeni na sababu yake. Na nyinyi wadogo, msipopewa, ulizeni kabla hamjashika maji.

Hadithi yangu naitundika hapo, juu ya moshi.