Kuku Aliyeatamia Mafigani

Hapo zamani alikuwako Sultani mmoja, Mwinyi Hatibu, tajiri ambaye hata punda wake walikuwa wakinywa maji ya waridi. Kila mwezi alikuwa akipeleka mchele na mbuzi kwa nyumba mbili za kulisha maskini. Moja ya Bwana Faki, na masufuria yake yaking'aa hata Sultani akipita huchana ndevu kwa kujitazama humo. Ya pili ya mjane, Bi Zuwena, nyeusi kwa moshi, ukiingia na kanzu nyeupe unatoka nayo ya kijivu.

Ikawa siku moja Sultani akasema, "Kuanzia sasa mchele wote utakwenda kwa Bwana Faki. Kwa yule mama hata pa kukaa sikupaona."

Basi akasimama Chande, fukara asiyekuwa na mlo ila wa Bi Zuwena. "Bwana wangu, hukuona pa kukaa kwa kuwa tumekaa sisi. Kwa Bwana Faki sijamwona mtu anayekula."

"Maskini wangu wana haya," akasema Bwana Faki. "Hula kimya kimya."

Sultani akamtazama Chande. "Niletee shahidi aliyekaa jikoni kwa Faki, asiyejua uongo wala kuhongwa. Ukimkosa, hutakula tena katika mji wangu, na Bi Zuwena afunge mlango."

"Nimesikia, bwana wangu."

Asubuhi Chande akaja na ungo kichwani. Ndani yake mna jivu, mayai, na kuku amevimba kwa hasira.

"Nimekuagiza shahidi," akasema Sultani, "waniletea kitoweo."

"Ndiye huyu. Jana nilikwenda kwa Bwana Faki kupalia moto, kama jirani yeyote. Natia mkono mafigani nitafute kaa, nikadonolewa. Ameatamia humo, katika jivu la baridi."

Bwana Faki akasema, "Huyo kaingia jana tu, bwana wangu."

Basi yai likapasuka. Kifaranga kikatoa kichwa, kikamtazama Bwana Faki.

Sultani akauliza, "Faki, kuku huatamia muda gani?"

Bwana Faki akajibu, "Wiki tatu, bwana wangu."

"Na wiki zote hizo, hao wenye haya walikula nini?"

Sultani akacheka hata madirisha ya mji mzima yakafunguka. Kisha akaamuru mchele wote uende kwa Bi Zuwena, na Bwana Faki awe msugua masufuria wake.

"Yakishang'aa kama yale yako," akamwambia, "niite nije nichane ndevu."

Lakini kwa Bi Zuwena moto hauzimwi. Ndevu za Sultani zikakua, zikashuka magotini, zikafagia baraza, zikavuka kizingiti, na hajaitwa bado.