Kopo la Kapsuli

Usiku mkubwa, wapangaji wote wamelala, ikasikika sauti ya mtoto akisaga meno, krr, krr, ikapita juu ya dari hadi vyumba vyote sita. Mama yake akawasha taa, akamshika mguu, mguu ukamchoma mkono kama sufuria iliyotoka jikoni.

Siku chache nyuma mtoto huyo alichanwa mguu huo na bati. Jirani akaja mbio na kopo lake la siagi, mnalijua lile kopo, lina kapsuli za rangi mbili zilizobaki kwa huyu na yule. Akapasua moja, akanyunyiza unga kidondani, nyingine akammezesha.

"Shoga, usihangaike na foleni ya hospitali. Hii ilinitoa mafua, ikamtoa mume wangu jino."

"Ilimtoa jino?"

"Maumivu ya jino, nawe!"

Wakacheka. Nani kati yetu asingecheka, nani asingeshukuru?

Basi usiku ule wakakimbilia hospitali. Daktari akasema wadudu wakiingia kwenye damu, mtoto anaweza kufa. Akamwanzishia sindano, akachukua usaha ukapelekwa maabara kuoteshwa. Kuoteshwa, ndugu zangu, kama mchicha. Majibu yalipotoka yule mama akaomba aone kwa macho yake, mtaalamu akamwonyesha kisahani. Wadudu wametanda kama ukungu juu ya uji uliolala, na katikati yao vidoa vya karatasi, kila kidoa na dawa yake. Kuzunguka kidoa kimoja palikuwa safi kabisa, duara tupu, hakuna mdudu aliyeweza kusogea.

"Hii inabomoa ukuta wa mdudu," mtaalamu akasema. "Mwili wa mwanao hauna ukuta wa namna hiyo, kwa hiyo kwake haina cha kubomoa."

Mama akakiinamia kile kisahani. Ni Mungu gani huyu, aliyeweka kati ya adui na mtoto tofauti ndogo hivyo, jicho haliioni, na humo humo akaweka uzima?

"Na hiki?" Kidoa cha pili wadudu walikuwa wamekisogelea mpaka ukingoni.

"Hiyo ndiyo dawa ya ile kapsuli mliyompa. Mafua haiyahusu kabisa. Na kila mkiimeza kidogo mkaacha, wadudu dhaifu wanakufa, wagumu wanabaki, wanazaana, mnaambukizana. Hawa haiwafanyi kitu."

Daktari akamwandikia ile ya duara safi. Mtoto akapona.

Sasa niulize, na ninaogopa kuuliza: yule jirani alipungukiwa nini? Upendo? Upendo alikuwa nao kopo zima. Hakuuliza tu.

Ndio sisi. Mwenzetu anakuja jicho limevimba, hajakaa hata kitini, tumeshafungua kopo: vumilia, dada, ndoa ndivyo zilivyo. Kwa aliyefiwa neno hilo, vumilia, ni dawa, limeinua wengi, mimi mwenyewe limeniinua. Lakini anayepigwa? Tunamnyunyizia juu, tunamfunga kitambaa, tunamrudisha nyumbani, na ndani homa inapanda. Tunangoja nini, tuitwe kumzika?

Simwangalii mtu ninaposema haya. Ila kama umo humu, ukitoka ibadani pitia kwangu. Sitakupa neno. Nitakuuliza panauma wapi, tangu lini, kwa mkono wa nani, na nitanyamaza mpaka umalize. Tutatafuta pamoja mahali pa kwenda. Na utakayoniambia, mpaka wewe mwenyewe uniruhusu, sitamwambia mtu mwingine.