Majaa na Mbeleko ya Mama

"Paukwa!"
"Pakawa!"
"Wenye watoto?"
"Tumewapakata!"
"Basi wapakateni, ila msiwabane."

Hapo zamani za kale alikuwepo Mama Kalunguyeye. Alizaa, akazika. Alizaa tena, akazika. Alipozaa mara ya tatu, akamwita mtoto Majaa, jina la takataka, ili mauti yamdharau, yapite. Akamfunga kwa mbeleko kifuani, maana mgongo wake ulikuwa miiba mitupu. Akilima, yuko naye. Akipika, yuko naye. Akilala, yuko naye.

"Mama, nishushe nicheze."
"Cheza hapahapa, baba."

Lakini kalunguyeye asiyejua kujikunja huliwa. Kila asubuhi mama alimkunja kwa mikono yake: kichwa ndani, miguu ndani, kaza! Akimwachia tu, Majaa anakunjuka kama mkeka. Mama akalia.

Shoga yake, Kobe, akacheka. "Mshushe huyo! Mimi wangu niliwaacha mayai, nikaja kuwakuta wanatembea."
"Akiumia?"
"Atalia. Kwani masikio huna?"

Mama akafungua mbeleko, akamweka Majaa kwenye kichuguu. Yeye akakaa kando na Kobe, akichambua mchicha, macho kwa mwanawe.

Majaa akapanda, akaanguka chali, miguu juu. Mama akainuka. "Mikono, shoga! Ipakate!" akasema Kobe. Mama akakaa.

Akapanda tena, akaporomoka kombo, akala mchanga. Mama akainuka. "Mikono, shoga!" Mama akakaa.

Akapanda mara ya tatu. Safari hii akaficha pua, akavuta miguu, akashuka biri, biri, biri, kama limau. Akacheka peke yake. "Tena!" akajiambia, akapanda. Hivyo hivyo kutwa nzima, hata mchicha ukanyauka mapajani mwa mama.

Jua lilipoinama, Mbweha akatokea, akasimama kati ya mama na mtoto.

"Majaa!" mama akapiga kelele. Mbweha alikuwa karibu zaidi, mama asingewahi.

Majaa alikwisha kujikunja. Mbweha akamsukuma kwa pua. Biri, biri, biri! Akachomwa. Akamsukuma tena, akachomwa tena. Mara ya tatu, kikatoka kicheko ndani ya miiba. "Tena! Nisukume tena!"

Mbweha akarudi nyuma, pua inavuja damu. "Nimekula wengi, lakini anayecheka sijamwona!" Akatimua mbio.

Mama akamkumbatia mwanawe, miiba na yote. Alichomwa, hakumwachia.

"Mama, nishushe," akasema Majaa. "Sijamaliza."

Akamshusha.

Ndugu zangu, mtoto akicheza peke yake anajifunza. Kaa karibu, mtazame, na mikono yako uipakate.

Hadithi yangu imefika kizingitini, anayeitaka aibebe. Mimi naenda kutafuta mwiko wangu. Mwanangu anapikia mchanga, na chakula cha leo kitachelewa.